Miwani Bila Maelezo ni Nusu ya Tiba



Asubuhi yoyote ya kazi, mtu akikaa kwenye benchi la kliniki ya macho ataona jambo moja likirudiwa tena na tena. Mgonjwa huitwa, huingia chumbani, husomeshwa herufi zilizo ukutani, hutiwa matone, humulikwa kwa taa, kisha hutoka na kipande cha karatasi mkononi. Jirani yake akimwuliza, "Wamekuambia nini?" hujibu, "Wameniandikia miwani." Akiulizwa jicho lake lina kasoro gani, hana jibu. Akiulizwa kama miwani hiyo ni ya kusomea au ya kutazamia mbali, husema atauliza dukani.

Mgonjwa huyo si lazima awe mtu asiyejua kusoma. Mara nyingi ni mwalimu ambaye darasani kwake hakubali mwanafunzi atoke bila kuelewa somo, au ni karani ambaye hapitishi hati mpaka ajue kila tarakimu imetoka wapi. Lakini akifika mbele ya koti jeupe, ulimi wake humwishia. Huona haya kuuliza, au hudhani kwamba kuuliza ni kumkosea heshima mtaalamu.

Hoja ya mazungumzo haya ni moja. Uchunguzi wa macho haujakamilika mpaka mgonjwa aelewe kilichoonekana ndani ya jicho lake na sababu ya kupewa alichopewa. Jibu lililo wazi si hisani ya daktari, bali ni sehemu ya tiba yenyewe. Na mgonjwa kwa upande wake ana wajibu wa kuliomba jibu hilo, kwa adabu na bila woga.

UKUBWA WA TATIZO

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake ya kwanza kuhusu hali ya kuona ulimwenguni. Taarifa hiyo ilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba kati yao wasiopungua bilioni 1 wana upungufu ambao ungeweza kuzuiwa, au ambao bado haujashughulikiwa. Kundi kubwa kuliko yote katika hao, watu wapatao milioni 826, ni wale ambao hawaoni vizuri vitu vya karibu kwa sababu ya umri. Dawa yao ni miwani ya kusomea.

Jambo hili si la nchi za mbali. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watu wapatao 6 kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na upungufu huo. Chanzo chake kinajulikana barabara. Ndani ya jicho mna lenzi laini ambayo hujibadilisha umbo ili mtu aone karibu. Kadiri miaka inavyopita lenzi hiyo hukakamaa, na kuanzia miaka 40 hivi mtu hujikuta akilisogeza gazeti mbali na uso. Hiyo si laana, wala si adhabu ya kusoma sana usiku. Ni sawa na mvi.

Hata hivyo, mwalimu wa miaka 45 ambaye hakuelezwa hivyo huanza kuwapa wanafunzi kazi chache za kuandika ili asichoke kusahihisha. Karani huanza kukosea tarakimu. Mkubwa wake humwona mzembe, naye mwenyewe huanza kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Taifa hupoteza ujuzi wa miaka 20 kwa kukosa vioo viwili.

Hasara hiyo imewahi kupimwa. Katika jimbo la Assam nchini India, wachumaji chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliingizwa katika jaribio ambalo nusu yao walipewa miwani ya kuonea karibu mara moja, na wengine wakapewa baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba tija ya waliotangulia kupewa miwani iliizidi ya wenzao kwa zaidi ya asilimia 20. Ikiwa mchuma majani amenufaika kiasi hicho, yafaa kujiuliza ni kiasi gani atanufaika mtu ambaye kazi yake yote ni maandishi.

KARATASI INASEMA NINI

Karatasi anayopewa mgonjwa huonekana kama fumbo. Kwa kweli ni taarifa fupi ambayo mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuielewa akielezwa.

Kwanza huandikwa uwezo wa kuona, mathalan 6/6 au 6/18. Ubao wa herufi unaotumika kupimia ulitengenezwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Tarakimu ya juu ni umbali wa mita ambao mgonjwa amekaa. Tarakimu ya chini ni umbali ambao jicho zima lingeweza kuisoma herufi hiyo hiyo. Kwa hiyo 6/18 maana yake ni kwamba kile ambacho wengine hukisoma wakiwa mita 18, mgonjwa huyu hukisoma mpaka asogee kufikia mita 6. Mtoto mwenye macho ya namna hiyo akiketishwa nyuma ya darasa, ubao mweusi kwake ni ukuta tu.

Pili huandikwa nguvu ya lenzi, kwa kipimo kiitwacho dayopta, ambacho kilipendekezwa na daktari Mfaransa, Ferdinand Monoyer, mwaka 1872. Alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona mbali. Alama ya kujumlisha ni ya mtu ambaye jicho lake lahitaji msaada zaidi kwa vitu vya karibu. Hesabu yake ni nyepesi: mita 1 ikigawanywa kwa idadi ya dayopta, hupatikana umbali. Mtu mwenye kutoa 2, akivua miwani, mwisho wake wa kuona sawasawa ni sentimita 50. Daktari akimwambia, "Bila miwani unaona vizuri mpaka hapa, karibu na urefu wa mkono wako," amemweleza yote, na hakutumia hata nusu dakika.

Tatu huweza kuwapo tarakimu za silinda na mhimili. Hizo ni za jicho ambalo kioo chake cha mbele, yaani konea, hakikuviringana kama mpira bali kimelala kidogo kama ubavu wa yai, hata mistari ya upande mmoja ikaonekana kwa ukungu. Mwisho huweza kuwapo nyongeza ya kusomea, kwa waliovuka miaka 40. Zile herufi O.D. na O.S. ni za Kilatini: ya kwanza ni jicho la kulia, ya pili ni la kushoto.

Hakuna siri hapo. Lililokosekana ni mtu wa kueleza.

SOMO KUTOKA SHULENI

Watu wengine watasema kwamba maelezo si muhimu, muhimu ni miwani yenyewe. Hoja hiyo imejibiwa na wanafunzi wa Dar es Salaam. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za jiji hilo, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwagawa wanafunzi wenye upungufu wa kuona katika makundi mawili. Kundi la kwanza walipewa miwani bure, kundi la pili walipewa cheti cha kwenda kununulia. Baada ya miezi 3, waliokutwa shuleni wakiwa na miwani yao walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza, na asilimia 26 katika kundi la pili.

Tarakimu hizo zafaa kutafakariwa na kila mwalimu. Gharama ilikuwa kikwazo, ndiyo, kwa maana waliopewa bure walivaa zaidi. Lakini hata katika hao waliopewa bure, zaidi ya nusu hawakuwa nayo shuleni. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza wanafunzi na wazazi walipoulizwa ni hofu kwamba miwani huharibu macho.

Hofu hiyo ina jibu, na jibu lake lingetolewa siku ile ile ya kupimwa. Miwani iliyopimwa sawasawa haidhoofishi jicho. Mtoto hubadilishiwa tarakimu kila baada ya muda kwa sababu jicho lake bado linakua kama miguu yake inavyokua, na hakuna alaumuye viatu kwa kukua kwa miguu. Mtu aliyezoea miwani akiivua huona ukungu kuliko zamani kwa sababu sasa anajua uwazi ni nini. Mzazi aliyeelezwa maneno hayo hataificha miwani ya mwanawe kabatini. Mzazi ambaye hakuelezwa ataificha kwa mapenzi mema kabisa.

UKIMYA ULIO WA HATARI

Kuna ukimya mwingine ambao madhara yake ni makubwa zaidi. Ni ule unaochanganya kasoro ya kuona na ugonjwa wa jicho.

Kasoro ya kuona ni suala la mwanga kutoangukia pale upaswapo, na lenzi huurekebisha. Ugonjwa ni jambo jingine. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi ya ndani, na tiba yake ni upasuaji. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huiua neva ya jicho polepole, aghalabu bila maumivu yoyote. Huanza kula pembeni mwa uoni, huku mgonjwa akiendelea kusoma herufi za ubaoni vizuri. Sehemu iliyokwisha kupotea hairudi, ingawa tiba huweza kuilinda iliyobaki. Watu wenye asili ya Kiafrika, na wale ambao wazazi au ndugu zao wa damu wana ugonjwa huo, wamo katika hatari kubwa zaidi.

Basi mtu wa miaka 50 anayeambiwa tu "nenda kachukue miwani" anaweza kuwa amepewa jibu la swali dogo, na swali kubwa likaachwa. Ana haki ya kujua kama presha ya jicho ilipimwa, na kama neva iliyo nyuma ya jicho ilitazamwa. Ikiwa havikufanyika, ajue ni wapi na lini vitafanyika.

Ipo njia nyepesi ambayo wapimaji huitumia kutofautisha mambo hayo. Mgonjwa hutazama herufi kupitia kitundu kidogo sana kilichotobolewa katika kipande cheusi. Akiona vizuri zaidi, kwa kawaida shida ni ya lenzi, na miwani itasaidia. Asipoona nafuu yoyote, hapana budi kutafuta sababu nyingine. Mgonjwa akielezwa maana ya kitundu hicho, hatashangaa anapoambiwa kwamba miwani pekee haitamtosha.

Hali kadhalika mwenye kisukari. Sukari ikipanda na kushuka, uwezo wa kuona nao hubadilika, na miwani iliyopimwa katika wiki mbaya huweza isifae sukari ikitulia. Asiyeelezwa hivyo humlaumu fundi wa miwani. Aliyeelezwa hungoja sukari itulie kwanza, na huhakikisha kwamba sehemu ya nyuma ya macho yake inachunguzwa kila mwaka.

Na aliyepasuliwa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi mpya mara nyingi huona mbali vizuri, lakini huhitaji miwani ya kusomea. Hayo ni matokeo ya kawaida. Lakini mwalimu ambaye hakuambiwa kabla ya upasuaji, anapofungua kitabu na asione, hudhani upasuaji wake umeharibika.

NANI NI NANI, NA NANI ANAUZA

Wananchi wengi humwita kila mtu aliye katika chumba cha macho "daktari". Ni vema tofauti ijulikane. Daktari bingwa wa macho hutibu magonjwa na kupasua. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona, huandika miwani, na hutambua dalili za ugonjwa ili ampeleke mgonjwa mbele. Fundi wa miwani hukata na kupachika vioo kufuata maandishi ya hao wawili. Wote wanahitajika, na hapa Tanzania hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wa macho wa ngazi mbalimbali. Lakini mgonjwa ajue yuko mbele ya nani, ili asimdai mmoja majibu yaliyo ya mwingine.

Aidha, mahali pengi anayepima ndiye anayeuza. Si dhambi, lakini ni sababu ya mgonjwa kuwa macho. Vipimo vya macho yake ni habari za mwili wake mwenyewe. Nchi nyingine zimelitungia jambo hili kanuni. Nchini Marekani, tangu mwaka 1978, mpimaji hutakiwa kumpa mteja nakala ya vipimo vyake mara baada ya kumpima, bila malipo ya ziada, ili akanunue miwani popote apendapo. Kanuni hiyo ilikazwa zaidi mwaka 2024. Nchini Uingereza nako sheria yataka mteja apewe maandishi hayo mara tu baada ya kupimwa. Hata pasipokuwa na kanuni ya namna hiyo, hakuna kinachomzuia mteja kusema, "Naomba nakala ya vipimo vyangu."

Kadhalika upo upasuaji wa mwanga wa leza, unaochonga konea ili mtu aachane na miwani, na ambao sasa hufanywa katika miji mikubwa kama Nairobi. Matangazo yake ni matamu. Kwa wengi matokeo yake ni mazuri, lakini haumfai kila mtu: si mwenye konea nyembamba, wala si kijana ambaye tarakimu zake bado zinabadilika. Huweza kuleta ukavu wa macho, au miale kuzunguka taa nyakati za usiku. Wala hauzuii ule ukakamavu wa lenzi unaokuja na umri, hivyo aliyepasuliwa akiwa na miaka 30 huweza kuhitaji miwani ya kusomea akifika 45. Mwezi Julai 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya mwongozo ikipendekeza wagonjwa waelezwe madhara hayo kwa lugha nyepesi kabla ya kukubali. Jambo linalohitaji mwongozo huko linahitaji maswali huku.

JE, DAKTARI ANA WAKATI?

Itasemwa kwamba wataalamu wa macho ni wachache, foleni ni ndefu, na daktari aliyetazama wagonjwa 80 tangu asubuhi hana nafasi ya kuhutubia. Hayo ni kweli, na asiyeyakubali hawatendei haki watumishi hao. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mgonjwa asiyeelewa hurudi. Hurudi na miwani ambayo haivai, au hurudi akiwa kipofu wa jicho moja. Dakika 2 za maelezo ni akiba, si upotevu. Wala si lazima daktari aeleze peke yake. Muuguzi aliyefunzwa anaweza, na karatasi fupi ya Kiswahili iliyoandikwa vizuri inaweza.

Itasemwa pia kwamba mgonjwa wa kawaida hataelewa. Historia ya nchi hii inakanusha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Walielezwa, kwa Kiswahili, malaria, kichocho na kuhara vinatoka wapi na vinazuiwaje. Wengi wao walikuwa wakulima, wakaelewa, wakachimba vyoo na kufyeka majani kandokando ya nyumba zao. Aliyeweza kuelewa safari ya kimelea cha kichocho kutoka kwenye konokono mpaka mwilini hawezi kushindwa kuelewa kwamba lenzi ya jicho imekakamaa. Utaalamu ni dhamana. Mwenye nao anautunza kwa niaba ya wale waliogharimia masomo yake.

WAJIBU WA MGONJWA

Mgonjwa naye asiende mikono mitupu. Achukue miwani yake ya zamani na dawa anazotumia. Aseme kama ana kisukari, na kama katika ukoo wake kuna aliyepofuka. Aeleze kazi yake: mwalimu hutazama ubao na daftari kwa zamu, karani hutazama kompyuta siku nzima. Akiweza, apime kwa rula umbali uliopo kati ya macho yake na kazi yake, kwa maana miwani ya sentimita 40 si miwani ya sentimita 70. Tena aandike maswali yake kabla ya kuondoka nyumbani. Matano yanatosha.

Kwanza, jicho lina nini: kasoro ya kuona, au ugonjwa, au vyote viwili? Pili, miwani hii ni ya kazi gani, na ivaliwe wakati gani? Tatu, je, presha ya jicho na neva ya nyuma vimetazamwa, na vimeonekanaje? Nne, arudi lini, na ni dalili zipi zikitokea arudi siku hiyo hiyo? Tano, je, ipo njia nyingine, na kila njia ina gharama na madhara gani?

Akijibiwa, ayarudie majibu kwa maneno yake mwenyewe mbele ya mtaalamu: "Nimeelewa kwamba..." Walimu wanajua kuwa hakuna mtihani mzuri kuliko huo. Ikiwa amekosea, atasahihishwa papo hapo, si baada ya miezi 6. Na asiitikie "ndiyo" kwa jambo ambalo hakulielewa, kwani kuitikia hivyo humdanganya daktari na kujidhulumu mwenyewe.

Ndugu walimu na watumishi wa umma ndio wa kulianzisha jambo hili. Wao wamezoea karatasi, na hawana udhuru wa kuogopa moja zaidi. Mwalimu akijifunza kuuliza kwa ajili ya macho yake, ataweza kuuliza kwa ajili ya mtoto anayekunja uso akitazama ubao, na ataweza kumweleza mzazi wa mtoto huyo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini huyu ambaye macho yake yana kasoro hana budi kuambiwa, na kuambiwa wazi. Akiona kwamba hakuambiwa, asitoke chumbani. Aulize.